Nyayo za aliyetutangulia: kuandaa njia na kuihamisha katika GPS ya pikipiki



Katika majira ya mvua yaliyopita tulipokea habari ya msiba kutoka kanisa letu moja la kijijini, kaskazini mwa mji. Mama mmoja, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kanisa lile, alikuwa amelala katika Bwana, na familia ikaomba mchungaji afike kabla ya mazishi. Ndugu wawili waliondoka alfajiri kwa pikipiki. Mwinjilisti mzee aliyezoea kutuongoza katika njia zile hakwenda nao, kwa sababu miguu yake haimruhusu tena kukaa juu ya pikipiki siku nzima. Basi dereva kijana akaandika jina la kijiji katika simu, akaifunga kwenye usukani, wakaenda.

Simu iliwaongoza vizuri mpaka saa nne asubuhi. Kisha ikawaingiza katika njia fupi iliyowafikisha kwenye kijito, na daraja la miti lilikuwa limechukuliwa na maji. Wakarudi. Simu ikahesabu upya ikawapa njia nyingine, na hiyo ikaishia kwenye kizuizi cha eneo la machimbo ambako walinzi waliwakatalia kupita. Waliingia kijijini usiku. Mwili haukuweza kungoja, na mazishi yalikuwa yamefanyika saa tisa alasiri. Hakuna aliyewalaumu. Mzee mmoja wa kanisa alisema tu: "Tuliimba wenyewe."

Tuliporudi na kukaa pamoja, wengine walilaumu simu, wengine walimlaumu kijana. Lakini kadiri tulivyozungumza, tuliona kosa lilikuwa la sisi sote. Tuliipa simu jina la mwisho wa safari, wala hatukuipa njia. Tangu siku ile tumejifunza namna ya kuandaa njia mapema na kuihamisha katika chombo kinachofungwa kwenye pikipiki. Tunawaandikia tuliyojifunza, kwa sababu tunajua wengi wenu huko Kivu, Maniema na Tanganyika mnatembelea makanisa yenu kwa pikipiki kama sisi.

GPS inajua nini, na haijui nini

Watu wengi wanafikiri GPS na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Setilaiti za GPS zinazunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, na zinahitajika angalau 24 ili kila mahali duniani pafikiwe. Kila setilaiti inatangaza saa yake na mahali ilipo. Simu yako inapokea tu, haitumi kitu chochote huko juu. Inapopokea kutoka setilaiti nne au zaidi, inapima muda ambao mawimbi yametumia njiani, na kwa hesabu hiyo inajua ilipo. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa inapunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia. Tangu ilipoacha kufanya hivyo, simu ya kawaida chini ya anga wazi inakosea kwa mita tano hivi.

Maana yake ni kwamba hata pale ambapo hakuna mtandao wala mega za intaneti, simu bado inajua ilipo. Usipokuwa na mtandao inaweza kuchukua dakika kadhaa kuzipata setilaiti mara ya kwanza, basi uwe na subira na usiiwashe chini ya bati. Kinachokosekana porini ni ramani. Kama hukuipakua mapema, nukta yako itatembea juu ya ukurasa mtupu.

Na ramani yenyewe imechorwa na watu. Programu nyingi zinazofanya kazi bila mtandao zinatumia ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kujengwa na watu wanaojitolea. Mwaka 2014 mashirika kadhaa ya misaada, yakiwemo Médecins Sans Frontières na Msalaba Mwekundu wa Uingereza na wa Marekani, yalianzisha mradi wa Missing Maps ili sehemu zilizosahauliwa zichorwe. Kazi hiyo ni njema na tunaishukuru. Lakini sehemu kubwa yake inafanywa na watu walio mbali wanaotazama picha zilizopigwa kutoka angani. Kutoka juu, njia iliyokatwa na maji inafanana na njia nzima, na kizuizi cha walinzi hakionekani kabisa.

Sisi watu wa Likasi tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Septemba 1961, wakati mji wetu ukiitwa Jadotville, kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa kilizingirwa hapa. Wenzao waliotumwa kuwaokoa kutoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, walikuwa na magari, na barabara ilijulikana, kilomita 120 hivi tu. Walikwama kwenye daraja la Lufira, na kikosi kile kikalazimika kusalimu amri. Kwenye ramani daraja lilikuwepo, lakini siku ile halikupitika.

Vitu vitatu ndani ya faili moja

Njia za GPS zinahifadhiwa katika aina ya faili inayoitwa GPX. Aina hii ilitolewa mwaka 2002, na karibu kila programu na kila chombo cha njia kinaisoma, cha bei kubwa au cha bei ndogo. Ndani ya faili ya GPX mnaweza kuwekwa vitu vitatu, na kutovitofautisha ndiko kunakowapoteza watu wengi.

Cha kwanza ni alama. Ni mahali pamoja penye jina: kanisa, kivuko, kituo cha afya, muuzaji wa mafuta.

Cha pili ni mpango wa njia. Ni orodha ya mahali pachache pa kupitia, kwa mfano Likasi, njia panda fulani, kijiji fulani. Mpango hausemi jinsi ya kutoka hapa kufika pale. Chombo chenyewe kinajaza katikati kwa kutumia ramani yake na hesabu yake.

Cha tatu ni nyayo. Ni mstari wa nukta nyingi sana, mamia au maelfu, ambao unaonyesha hasa mahali palipopitwa. Simu inaweza kuziandika nyayo hizi yenyewe unapoendesha, kwa mfano nukta moja kila sekunde tano. Chombo hakihitaji kujaza kitu katikati, kwa sababu katikati hapana nafasi.

Mkishika jambo moja tu katika makala hii, shikeni hili. Mpango wa njia ni ombi mnalokipa chombo, nacho kinaweza kuamua vingine. Nyayo ni ushahidi wa mtu aliyepita. Kwa barabara kubwa, kama ile inayotoka Lubumbashi kupitia Likasi na Fungurume hadi Kolwezi, mpango unatosha. Ukiiacha lami, tafuta nyayo.

Kuandaa njia mezani

Tunaanza na mtu kabla ya kompyuta. Tunamwita aliyepita njia ile hivi karibuni na kumwuliza mambo matano. Madaraja yako wapi, na lipi ni la miti? Vivuko viko wapi, na mtumbwi unapatikana saa ngapi? Vizuizi viko wapi, vya serikali au vya makampuni ya madini? Mafuta yanapatikana wapi, kwenye kituo au kwa wale wauzaji wa chupa tunaowaita Kadhafi? Na giza likituingilia, tutalala kwa nani? Majibu yote matano yanakuwa alama katika faili.

Kisha tunauliza swali la sita: njia hii ni ya majira gani? Hapa Haut-Katanga njia ya kiangazi na njia ya mvua inaweza kuwa njia mbili tofauti kuelekea kijiji kimoja. Mwezi wa Agosti unakatiza bondeni, lakini mwezi wa Februari unazunguka mlimani. Faili isiyotaja majira ni hatari kwa atakayeipokea.

Baada ya hapo tunaweka namba za mahali. Likasi iko karibu na digrii 10.98 kusini na digrii 26.73 mashariki. Katika programu nyingi kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, hivi: -10.98, 26.73. Hapa tumeona makosa manne, mengine tuliyafanya sisi wenyewe.

Kosa la kwanza ni kusahau alama ya kutoa. Likasi inahamia kaskazini mwa ikweta, na simu inakuambia kanisa lako liko Sudan.

Kosa la pili ni kugeuza mpangilio. Namba ya kusini au kaskazini inatangulia, ya mashariki inafuata. Ukizigeuza, Likasi inatokea Sahara ya Magharibi.

Kosa la tatu linatoka shuleni kwetu. Sisi tumefundishwa kwa Kifaransa kuandika desimali kwa mkato, 10,98. Programu nyingi zinataka nukta, 10.98, na zikiona mkato zinadhani umemaliza namba moja na kuanza nyingine.

Kosa la nne ni gumu zaidi kuliona, maana halikupeleki nchi nyingine. Mtu anasoma kwenye ramani ya zamani digrii 10 na dakika 58, anaandika 10.58. Lakini digrii moja ina dakika 60, si 100. Dakika 58 ni karibu 0.97 ya digrii, na kosa hilo linakupoteza kwa zaidi ya kilomita 40. Kwa kuwa bado uko katika jimbo lile lile, unaweza kuendesha nusu siku kabla ya kushtuka.

Sasa ndipo tunachora. Kwenye simu tunatumia OsmAnd, ambayo ina sehemu ya kuandaa njia na sehemu ya kurekodi nyayo. Kwenye kompyuta, wenye vyombo vya Garmin wanaweza kutumia BaseCamp, programu ya bure ya kampuni hiyo. Na wenye intaneti wanaweza kuchora katika gpx.studio. Popote unapochora, fuata mambo matatu. Chagua kwanza aina ya chombo, maana ukiacha kwenye gari, programu itakwepa vijia ambavyo pikipiki inavipita kila siku. Weka nukta baada ya kila njia panda, hatua chache ndani ya njia unayoitaka, wala si katikati ya makutano. Na kila unapoweka nukta, ikuze ramani mpaka uone kwamba imekaa juu ya njia yenyewe. Nukta iliyoangukia pembeni, katika kijia cha shamba, itakifanya chombo kikuingize shambani na kukurudisha.

Safari ndefu igawe vipande vya siku moja moja. Na faili uipe jina linaloeleweka hata na mtu asiyekujua: kutoka wapi, kwenda wapi, majira gani, mwezi na mwaka iliporekodiwa. Faili yenye jina "njia mpya" itakuwa mzigo baada ya mwezi mmoja.

Kuihamisha katika chombo

Wengi wetu chombo chetu cha njia ni simu iliyofungwa kwenye usukani. Pakua ramani ya eneo lote ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri. Halafu pokea faili ya GPX, iguse, na uchague kuifungua kwa OsmAnd. Programu itauliza kama unataka kuiingiza, nawe ukubali. Itakaa katika orodha ya nyayo zako, na unaweza kuiambia ikuongoze kwa kufuata mstari ule.

Faili zenyewe ni ndogo. Nyayo za saa tatu, nukta moja kila sekunde tano, ni nukta 2,160, nazo hazizidi sana kilobaiti 200. Hiyo ni ndogo kuliko picha moja ya simu za leo. Kwa hiyo haihitaji mega nyingi. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati. Pale pasipo mtandao, tunatumia Bluetooth, simu kwa simu, na tumewahi kufanya hivyo chini ya mwembe baada ya ibada, simu sita mfululizo. Usimtumie mwenzako kiungo cha ramani ya intaneti ukidhani umempa njia. Mara nyingi kiungo hicho hakifunguki akiwa nje ya mtandao.

Kuna ndugu wachache, hasa wageni na wale wa mashirika, wenye vyombo maalumu vya pikipiki kama zūmo ya Garmin, visivyoingia maji na vinavyoguswa hata ukiwa umevaa glavu. Hapo unaunganisha chombo na kompyuta kwa kebo ya USB, kinaonekana kama diski, unafungua folda iitwayo Garmin, ndani yake folda iitwayo GPX, na unanakili faili yako humo. Kitoe kwa utaratibu kabla ya kuchomoa kebo. Kazi bado haijaisha. Kwenye chombo chenyewe inabidi ufungue sehemu ya kupanga safari na uiingize faili ile, la sivyo imekaa tu kwenye folda na hutaiona barabarani. Wengi wanaosema "faili yangu imepotea" wameishia kwenye hatua hii.

Chombo kinapobadili njia yako

Ndugu mmoja alituuliza: "Nilichora njia vizuri mezani, mbona chombo kimenipeleka kwingine?" Sababu ni kwamba aliweka mpango, si nyayo. Unapoingiza mpango, chombo kinauhesabu upya kwa ramani yake. Kama ramani ya kompyuta na ramani ya chombo si za tarehe moja, au kama kompyuta iliwekwa kutafuta njia fupi na chombo kikawekwa kutafuta njia ya haraka, majibu yatatofautiana. Hakuna anayekuambia kwamba yametofautiana. Unajua tu ukiwa mbele ya kijito.

Kuna dawa tatu. Ya kwanza ni kutumia nyayo. Ya pili, kama ni lazima utumie mpango, ongeza nukta mpaka chombo kikose nafasi ya kuamua. Ya tatu ni kuzima kuhesabu upya kwa kujiendesha, au kukiweka chombo kiulize kwanza. Hivyo ukitoka njiani kitakuonyesha mstari uko upande gani, nawe utaamua mwenyewe kurudi.

Wenye zūmo wajue pia kwamba nukta za mpango ni za aina mbili. Kuna za kupitia kwa lazima, na kuna za kuunda umbo la njia tu. Ukiikosa ya lazima kwa sababu barabara imefungwa, chombo kitaendelea kukuambia ugeuke urudi, kilomita baada ya kilomita. Usikitii. Tafuta kitufe cha kuruka nukta hiyo. Na siku nyingine, weka nukta za lazima pale tu unapokusudia kusimama.

Kabla ya kuondoka, na njiani

Sasa tuna desturi moja hapa Likasi jioni ya kuamkia safari. Tunaiweka simu katika hali ya ndege, ili mtandao wote ukatike, halafu tunafungua njia. Kama ramani inaonekana na mstari unaonekana mpaka mwisho, tuko tayari. Kama sivyo, bado tuna usiku mzima wa kurekebisha. Kwa jaribio hili la dakika mbili tungeweza kufika kwenye mazishi yale, kwa maana tungeona jioni ile ile kwamba hatukuwa na njia, bali jina tu.

Kwa umeme, skrini inayowaka siku nzima inamaliza betri kabla ya jioni. Weka tundu la kuchajia la USB kwenye pikipiki, au beba betri ya akiba. Kwa mitikisiko, mwaka 2021 kampuni ya Apple ilionya kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone zinazofungwa kwenye usukani. Kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko kinasaidia, na simu ya zamani isiyo na thamani kubwa inafaa zaidi kwa kazi hii kuliko simu mpya. Na pamoja na yote, andika kwenye karatasi majina ya vijiji kwa mpangilio wake. Karatasi haiishiwi betri, na ukimwonyesha mama anayeuza mihogo njiani atakuelekeza.

Ukiwa barabarani, usisome skrini ukiendesha. Washa sauti, au simama. Barabara ya Taifa namba 1 imejaa malori ya madini, na dereva wa lori hawezi kukukwepa kwa sababu ulikuwa unatafuta njia panda. Mwenye haja ya kutazama ramani aiache pikipiki pembeni kabisa.

Nyayo si za kila mtu

Kuna jambo moja ambalo ndugu zetu wa Kivu na Ituri wanalijua kuliko sisi. Faili ya nyayo inasema mtu alipita wapi, siku gani, saa ngapi, na alilala wapi. Ikiangukia mikononi mwa mtu mbaya, inaweza kudhuru waliotupokea. Kwa hiyo tumejiwekea taratibu.

Haturushi nyayo kwenye kundi la WhatsApp la watu wote, tunampa anayesafiri tu. Tunakata mwanzo na mwisho wa nyayo, ili zisianzie mlangoni kwa mtu wala zisiishie kwenye nyumba ya aliyetulaza. Tunafuta saa na tarehe za kila nukta, na kubakiza mwezi na mwaka katika jina la faili. Tunaomba ruhusa kwa mkubwa wa kijiji kabla ya kuweka alama katika kijiji chake. Tunabeba barua ya utume yenye mhuri wa kanisa, kwa maana kwenye kizuizi, askari akimwona mtu mwenye chombo kinachorekodi njia, anaweza kumdhania mpelelezi. Na karibu na machimbo tunazima kurekodi kabisa. Pale ambapo wenye eneo wanaogopa kurekodiwa, tunazunguka.

Mzee kwenye kiti cha nyuma

Tulipoelewa haya yote, tuligundua kwamba hatuna nyayo. Tulikuwa na simu, programu na kebo, lakini njia zenyewe zilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, mwinjilisti wetu mzee. Alikuwa amezipita kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki tangu ujana wake. Hakuna aliyewahi kuziandika, na miguu yake ilikuwa inachoka.

Katika Hesabu 10 kuna habari tuliyoisoma upya kwa sababu hii. Wana wa Israeli wanaondoka Sinai, na wingu la Bwana linawatangulia. Hata hivyo Musa anamsihi Hobabu, shemeji yake, asiwaache, kwa kuwa anajua mahali pa kupiga kambi jangwani na atakuwa macho kwao. Musa hakuona kwamba kumtegemea Bwana kunamwondolea haja ya mtu anayejua njia. Wala sisi tusione kwamba kuwa na setilaiti kunatuondolea haja hiyo.

Kiangazi kilipofika tulimwomba mzee. Siku nzima asingeweza, basi tuligawa njia vipande vya nusu siku. Kijana yule yule wa safari ya mazishi ndiye aliyeendesha, simu ikirekodi, na mzee akikaa nyuma na kumgonga bega kila palipokuwa na neno. Hapa simama. Hapa pana jiwe chini ya maji, pita kushoto kwake. Mwezi wa kwanza usipite hapa, zunguka kwa kule. Nyumba hii, ukifika usiku, taja jina langu. Kila kituo kijana aliweka alama na kurekodi sauti ya mzee akieleza.

Njiani walifika pale kijitoni. Mzee aliteremka, akatazama nguzo mbili zilizobaki za daraja, akasema kwamba hata lilipokuwa zima yeye hakulipita wakati wa mvua. Kuna kivuko juu zaidi, nusu saa kwa pikipiki, mahali maji yanapotawanyika na kuwa ya magotini. Kwenye ramani hakimo. Sasa kimo katika faili yetu.

Jioni walifika kijijini, kwenye kaburi la yule mama. Mzee aliomba, na kijana aliweka alama ya kanisa. Mvua zikirudi, kijana atapita tena njia ya mvua yote, peke yake, kuona kama nyayo zinasema kweli, naye mzee atamngoja Likasi na kumwuliza juu ya kila daraja.

Ndugu zetu, huko kwenu naye yupo mtu wa namna hii. Labda ni mwinjilisti aliyestaafu, labda ni mama muuzaji wa samaki anayejua kila kijia, labda ni dereva. Msingoje kiangazi kingine kipite. Mwombeni akae kiti cha nyuma, washeni simu, na mwende polepole.